Boma la Kalenga

Penye mto mkubwa, mwenye kushika kivuko hushika njia, na mwenye kushika njia hushika nchi. Ndiyo maana mwaka 1210 watu wa Mfalme John wa Uingereza walijenga ngome ya mawe huko Athlone, Ireland, penye kivuko cha mto Shannon. Nchi ya Uhehe nayo ilikuwa na ngome yake kando ya mto. Hiyo ni Kalenga, penye Ruaha Mdogo, mwendo wa kilomita zipatazo 15 kutoka mji wa Iringa.

Aliyeizungushia Kalenga ukuta wa mawe na udongo ni Mtwa Mkwawa, mwana wa Munyigumba. Baba yake alipofariki mwaka 1879, urithi ulizua ugomvi, na Mkwawa alipoushinda aliazimia kuwa na makao yasiyotikisika. Nyuma ya ukuta huo aliweka watu wake, baruti na pembe za ndovu.

Lakini nguvu ya Wahehe tangu zamani haikuwa ukuta. Ilikuwa ni wepesi wa miguu, macho ya wapelelezi na mkuki utokao kichakani ghafula. Kwa nguvu hiyo, tarehe 17 Agosti 1891, walilivizia jeshi la Emil von Zelewski huko Lugalo. Zelewski mwenyewe aliuawa, pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake, na bunduki nyingi zikachukuliwa na Wahehe. Siku ile Mjerumani hakujua adui yake yuko wapi.

Miaka mitatu baadaye alijua. Gavana von Schele alipokuja kulipiza kisasi, hakuwa na haja ya kumtafuta Mkwawa porini, kwani ukuta ulikwisha kumwonyesha mahali. Aliweza kuchagua pa kusimamisha mizinga yake na saa ya kushambulia. Tarehe 30 Oktoba 1894 boma lilivamiwa, watu wakapigana hata ndani ya mji, na Kalenga ikatekwa. Baruti na pembe zikawa mali ya mshindi. Mkwawa mwenyewe aliponyoka.

Hapo ndipo penye fundisho. Boma lenye kuta lilianguka, bali mtu asiye na ukuta aliwasumbua Wajerumani karibu miaka minne zaidi, akilindwa na misitu, milima na ulimi wa watu wake usiotaka kumsaliti. Tarehe 19 Julai 1898 alijipiga risasi asije akakamatwa hai.

Hata hivyo haifai kusema kwamba ukuta ulikuwa upumbavu. Mtawala asiye na makao hana pa kuhukumia wala pa kuwekea akiba. Kosa ni kungojea ndani yake vita vya mizinga. Tena washindi wenyewe hawakuacha kujenga. Mwaka 1896 Tom von Prince alianzisha kituo kipya juu ya kilima kinachoutazama Ruaha Mdogo, na mji uliokua hapo ukaitwa Iringa, jina litokanalo na neno la Kihehe lilinga, maana yake boma.

Fuvu la Mkwawa lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, likawekwa Kalenga. Mawe ya ukuta yametawanyika, lakini kila atajaye Iringa hulitaja boma, ajue asijue.