Wingu, Mashine Pepe na Nakala Msingi: Historia ya Istilahi Tatu

Katika makala haya tunakusudia kueleza asili ya istilahi tatu ambazo wafasiri wa miongozo ya kompyuta hawana budi kuzitumia, nazo ni wingu, mashine pepe, na ile ambayo jina lake bado lina utata, yaani faili moja libebalo mfumo endeshi mzima, tayari kuwashwa. Kilichotuchochea ni mwongozo mmoja ambamo faili hilo limeitwa "picha". Mwalimu wa Busi, wilayani Kondoa, alipousoma alikwenda kuzitazama picha zake za harusi, akatafuta asione kitu. Kosa hilo ni letu wafasiri.

Mashine pepe ndiyo kongwe. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa IBM mjini Cambridge, Marekani, walitunga programu iliyoigawa kompyuta moja kubwa hata kila mtumiaji akajiona ana yake peke yake. Mwaka 1972 kampuni hiyo ikaitangaza kwa jina la VM/370. Hapa kwetu haja ya istilahi haikuwa ya haraka, kwani mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Kivumishi "pepe" tumekizoea katika barua pepe. Lakini mkulima aliyepepeta mtama anajua kuwa pepe ni punje isiyo na kiini, na huko Busi tuliulizwa kama mashine hiyo ni ya makapi. Tulijibu kwamba haina chuma chake yenyewe. Kumbukumbu na diski huazima kwa kompyuta iliyoihifadhi, na kazi huifanya kweli. Hatudhani kuwa swali lile lilimalizika.

Ama wingu, asili yake ni michoro. Wahandisi walichora wingu mahali pa sehemu ya mtandao ambayo hawakuwa na haja ya kuieleza, na tangu hapo neno likawa jina la mashine zitumiwazo kwa mbali. Mwaka 2006 Amazon ilianza kukodisha mashine pepe kwa huduma iitwayo EC2, iliyoundwa kwa sehemu kubwa na kikundi cha wahandisi waliokuwa Cape Town, Afrika Kusini. Kwa watu wa nyanda za kati, ambao huitazamia mvua kuanzia mwishoni mwa Novemba, wingu ni kitu cha juu. Hili la kompyuta ni majumba yaliyojaa mashine, yenye nyaya na ankara za umeme. Neno tunalikubali, ila mfasiri na aseme wazi kwamba kumbukumbu za ofisi yake haziko angani.

Miongoni mwa mifumo endeshi iwashwayo katika mawingu hayo ni Ubuntu, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004. Jina lake ni la lugha za Kinguni, ndugu wa neno letu "utu". Mwaka huohuo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, baada ya kutungiwa orodha ya istilahi.

Turudi kwa mwalimu wetu. Hatimaye alilipakua faili la Ubuntu la wingu akiwa Kondoa mjini, akalibeba kwa flashi hadi Busi, akaliwasha katika mashine pepe ya kompyuta yake. Likaamka, likamdai jina na neno la siri, naye hana. Sababu ni kwamba faili la aina hii halina neno la siri la kuanzia. Likiwa kwa Amazon, programu ya cloud-init iliyomo ndani huuliza maagizo katika anwani 169.254.169.254, Busi hapakuwa na wa kujibu. Dawa yake ni kuiongezea mashine diski ndogo yenye lebo "cidata", ndani yake mafaili mawili: moja la utambulisho wa mashine, la pili la maagizo ya mtumiaji. Mafundi huiita diski ya mbegu, na neno hilo halikuhitaji ufafanuzi wowote Busi.

Faili lenyewe tunapendekeza liitwe "nakala msingi", kwa kuwa mashine nyingi hunakiliwa kutokana nalo. Wako wapendao "taswira", nasi hatuna ugomvi nao mkubwa. "Picha" ndiyo tunayoikataa. Wasomaji wenye neno lingine, hasa la kushika mahali pa "pepe", watuandikie kabla orodha haijapelekwa kusanifishwa.