IBN BATTUTA KATIKA PWANI YETU: NI KIPI HUBAKI MOYONI MWA MSAFIRI?



Ndugu zangu, msafiri akirudi kwao huulizwa swali moja: umeona nini huko? Leo tumuulize mtu aliyepita pwani yetu karibu miaka 700 iliyopita.

Ibn Battuta alizaliwa Tangier, Morocco, mwaka 1304. Alitoka kwao akiwa kijana wa miaka 21 akienda Hijja, na safari zake zikachukua karibu miaka 30. Mwaka 1331 alikuja kwa jahazi akitokea Aden. Akapita Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akafika Kilwa. Alipokuja kuzisimulia safari hizo mjini Fez, Ibn Juzayy akiandika, miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepita. Kwa hiyo aliyoyataja ni yale yaliyokataa kumtoka moyoni.

Ni yapi hayo?

KWANZA: Usiku ule mmoja wa Mombasa ulimwachia picha ya mlango wa msikiti. Alikumbuka kisima kifupi, kata ya mti ya kuchotea maji, na watu waliotembea pekupeku wakiosha miguu na kuifuta kwenye mkeka kabla ya kuingia. Jambo dogo la kila siku, wenyeji hata hawakujua kuwa mgeni anawatazama.

PILI: Kilwa aliisifu kwa uzuri wa mji na uchamungu wa watu wake. Leo watalii huenda Kilwa Kisiwani kushangaa magofu ya Husuni Kubwa, jumba linalonasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta hakulitaja jumba hilo. Alimtaja mwenyewe sultani, aliyeitwa Abul-Mawahib, yaani mtu wa kutoa, kwa ukarimu wake. Alisimulia kuwa siku ya Ijumaa, baada ya swala, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani njiani akaomba nguo alizovaa. Sultani akarudi, akabadilisha, akampa saa ile ile.

TATU: Akamkumbuka pia Daud, ndugu aliyerithi kiti. Huyu mkono wake ulikuwa mgumu. Wageni walikaa miezi wakisubiri, wakaambulia kidogo, hadi waombaji wakaacha kwenda mlangoni kwake. Tazama, ubahili nao umeandikwa.

Lakini ndugu zangu, kisa cha fakiri hakikuishia kwenye nguo. Mtoto wa sultani alizichukua zile nguo akampa fakiri watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta anayasimulia haya kama sifa, kisha anapita. Watu ishirini, na hakutuachia jina la hata mmoja wao.

Nayaandika haya nikiwa Songea, na hapo roho yangu husimama. Katika karne ya 19, njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa Kivinje ilipita katika nchi hii ya Ungoni. Ilipitisha pembe, na ilipitisha watu waliofungwa. Nao walikuwa wasafiri katika nchi wasizozijua, ila hakuna aliyekaa nao kuwauliza: mmeona nini? Tukiisifu historia yetu, tuisome yote. Ukarimu unaotolewa kwa jasho la aliyedhulumiwa, huyo aliyedhulumiwa anaukumbuka kwa namna nyingine.

MAZINGATIO:

1. Ukisafiri, usiangalie majengo na meza ya mwenyeji tu. Muangalie na anayekubebea mzigo. Muulize jina lake.

2. Msafiri aliyekatikiwa njiani ametajwa ndani ya Qur'ani miongoni mwa wenye haki katika zaka. Kumsaidia ni kumpa haki yake.

3. Songea yetu inapokea wageni kila siku: wafuata mahindi, wanafunzi, wanaokuja Makumbusho ya Majimaji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Anayeshuka stendi usiku, hajui pa kwenda, ukimtajia nauli mara tatu, hiyo ndiyo Songea atakayoisimulia kwao miaka 20 ijayo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenyeji wa kukumbukwa kwa heri. Mfikishie na mwenzako.

Wabillahi tawfiiq.