Majina Juu ya Milango: Vibao vya Maduka ya Kale Mombasa

Wanaoandika historia ya Mombasa huanzia Fort Jesus, na wana haki. Ngome ile, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011. Lakini Mombasa ya karne ya ishirini, mji wa reli na bandari ya Kilindini, mji wa wafanyabiashara wa Gujarat, Hadhramaut, Pwani na bara, haikuacha ngome. Iliacha majina. Yamepakwa rangi kwenye mbao, yamefinyangwa kwa saruji usoni mwa majengo, yamekatwa kwa bati na kupigiliwa misumari juu ya milango. Naamini majina hayo ni kumbukumbu yenye uzito sawa na nakshi za milango tunazozienzi. Naamini pia kwamba hayahifadhiki kama mapambo matupu, maana kibao huwa na maana kamili pale tu kazi inayotajwa ingali inafanyika chini yake.

Ushahidi mzito zaidi uko Biashara Street, mtaa wa leso, kando ya Mji wa Kale. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianzishwa mwaka 1887, kabla ya reli kuanza kutandikwa. Chapa yake, Mali ya Abdulla, haikuishia mlangoni. Ilichapwa kwenye leso yenyewe, ikaenda arusini, matangani na sokoni, ikabeba watoto mgongoni mwambao mzima. Vitambaa vilichapwa Ulaya, baadaye Japani, India na hapa nchini. Maneno ya leso yalianza kwa herufi za Kiarabu kisha yakahamia za Kilatini. Nalo jina la duka likabaki. Leo leso zenye chapa hiyo zimo hata British Museum, London, na mtafiti anayetaka kujua kitambaa kilitoka wapi na enzi gani hulitazama jina hilo kwanza. Yaani maandishi ya biashara, ambayo wengi huyahesabu kuwa tangazo tu, ndiyo yaliyoipa sanaa ya wanawake wa Pwani tarehe na mahali pake.

Vibao visivyotembea navyo vinasema. Anwani kwenye kibao ikitaja Kilindini Road, tunajua iliandikwa kabla ya barabara hiyo kuitwa Moi Avenue. Ikitaja Salim Road, ni kabla ya Digo Road. Hoteli ya Castle, iliyojengwa mwaka 1909, imeongezewa neno Royal, lakini hakuna aliyethubutu kuliondoa jina la mwanzo. Recoda, mkahawa wa vyakula vya Waswahili uliofunguliwa Kibokoni mwaka 1942, umekuwa alama ya mtaa kwa watu wa vizazi kadhaa. Majina haya hayakudumu kwa bahati. Tanzania Bara ilitaifisha majumba ya kupangisha mwaka 1971, na Unguja ilitangulia baada ya Mapinduzi ya 1964. Kenya haikufuata njia hiyo. Badala yake, sheria ya mwaka 1965 kuhusu wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa ilimlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, asipandishiwe kodi wala kufukuzwa kiholela. Juu ya sheria hiyo kuna desturi ya kilemba: anayelichukua duka humlipa anayeondoka kwa ajili ya mahali pake na wateja wake. Penye kilemba, jina linalojulikana ni mali, na mwenye akili hakimbilii kulifuta.

Sheria ya urithi, kwa upande wake, haikuvifikiria vibao. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kitu cha kuhamishika kuwa cha kale ikiwa kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kibao cha mwaka 1942 hakimo, labda kitangazwe chenyewe kwa jina. Kisha mwaka 2018 Serikali ya Kaunti iliagiza majengo ya katikati ya jiji yapakwe rangi nyeupe na buluu. Mji ulipendeza, sikatai. Hata hivyo brashi haichagui: haitofautishi uchafu wa jana na herufi zilizochorwa kwa mkono miaka sitini iliyopita. Wapo watakaosema kwamba matangazo yameumbwa yabadilike, na kwamba kuyagandisha ni kuufanya mji uwe jumba la makumbusho. Ni kweli kwa mengi. Ila hakuna anayeomba kila bango libaki. Kinachoombwa ni kwamba lile lililopita vizazi viwili lisitoweke kabla ya kupigwa picha, kuandikwa, na mwenyewe kuulizwa.

Pingamizi zito zaidi ni jingine. Maduka makubwa yenye vibao vizuri yalikuwa ya wachache, nao Waafrika wengi wakati wa ukoloni walinyimwa leseni na mikopo. Ndiyo maana Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 ikawabana wasio raia, na baadhi wakafunga maduka wakaondoka. Je, kuvienzi vibao hivi si kuuenzi upendeleo ule? Ingekuwa hivyo kama tungehesabu vibao peke yake. Mpishi wa mahamri, kinyozi wa Majengo na fundi wa cherehani aliyekaa baraza moja miaka arobaini hawakuwa na herufi za saruji, lakini historia yao ni ile ile ya mji. Kwa hiyo kinachostahili kuorodheshwa ni biashara kwanza, kibao baadaye. San Francisco ilianza hivyo mwaka 2015: biashara zilizozidi miaka 30 zinaandikishwa, na uko mfuko unaomsaidia mwenye duka pamoja na mwenye nyumba anayempa mkataba mrefu. Masharti yale si lazima tuyachukue yote, lakini hilo la mwisho lina busara, kwa kuwa mwenye nyumba naye ana hesabu zake.

Mombasa haihitaji kuanza na karatasi tupu. Kaunti hutoza ada ya vibao na leseni za biashara kila mwaka, kwa hiyo majina mengi yamo tayari katika vitabu vyake. Iongeze safu moja tu, mwaka wa kuanzishwa, na iwatume vijana wenye kamera Biashara Street, Marikiti na Kibokoni kabla ya agizo jingine la rangi. Nawe msomaji, ikiwa duka la wazee wako lina kibao cha zamani, usikitupe unapoweka kipya: andika nyuma yake mwaka na jina la aliyekichora.