Dini ya Msambwa: Shutuma kwa Serikali na Shutuma kwa Waumini

Tarehe 10 Februari 1948, huko Malakisi katika eneo la Bungoma, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa. Watu 11 waliuawa. Mwezi huo huo dini hiyo ilipigwa marufuku. Kiongozi wake, Elijah Masinde wa Kimilili, alikamatwa na baadaye kuhamishiwa Lamu.

Jina lenyewe lastahili kuchunguzwa. Msambwa, kwa Wabukusu, ni mizimu ya wahenga pamoja na mila ziambatanazo nayo. Neno dini, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa limekwisha kuenea bara kwa maana ya imani yoyote. Lakini katika maandishi ya maofisa wa kikoloni lilipata maana finyu: wamisheni walikuwa na kanisa, ilhali Waafrika waliotiliwa shaka walikuwa na “dini”. Hata walipoandika Kiingereza maofisa hao waliliacha neno hilo kama lilivyo, kana kwamba tafsiri ingelipa heshima lisiyostahili.

Masinde, aliyewahi kuwa muumini wa misheni ya Marafiki, alikuwa na madai yaliyo wazi. Alipinga watu kulazimishwa kung’oa magugu, alipinga kuandikishwa kwa nguvu wakati wa Vita Kuu ya Pili, na alidai ardhi iliyotwaliwa na walowezi. Mambo haya ni ya utawala, na yangeweza kujibiwa kwa hoja. Badala yake, mwaka 1945 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akakaa huko hadi 1947. Hapana daktari aliyepata kutibu dai la shamba.

Hata hivyo, haki yataka isemwe kwamba Masinde naye alichanganya mambo. Machoni pake mmisheni, mlowezi na mkuu wa wilaya walikuwa kitu kimoja. Hivyo Mbukusu aliyesali kwa Marafiki au kwa Wakatoliki, asiyekuwa na mamlaka juu ya ekari hata moja ya Trans Nzoia, alihesabiwa pamoja na watawala. Kosa ni lile lile, ingawa uzito si mmoja: Masinde alikuwa na maneno, serikali ilikuwa na bunduki na sheria. Ghala la mlowezi lilipoungua karibu na Kitale, lililotafutwa kwanza halikuwa jina la mtu aliyelitia moto, bali jina la dini. Na chini ya marufuku, bibi kizee aliyewaombea wahenga wake alikuwa mkosaji sawa na mchomaji huyo.

Serikali ya Kenya huru iliiondoa marufuku hiyo mwaka 1964. Masinde hakunyamaza, aliishutumu serikali mpya kama alivyoishutumu ile ya kale. Mwaka 1968 marufuku ilirudishwa. Safari hii mtawala alikuwa Mwafrika, wala hapakuwa na mlowezi wa kulindwa, lakini amri haikutaja tendo la Masinde peke yake: ilitaja dini.