Kabla ya Mechi ya Kibo: Twiga Stars ya 2010 na Haki Yake

Ukitaja soka la wanawake na Mlima Kilimanjaro hapa Majengo, chini ya mlima huo, utaambiwa habari za tarehe 24 Juni 2017. Siku hiyo wanawake waliotoka nchi 20 walicheza dakika 90 kamili, kumi na mmoja kila upande, juu ya majivu ya volkano katika kreta ya Kibo, mita 5,714 kutoka usawa wa bahari. Volcano FC na Glacier FC zikatoka suluhu 0-0, rekodi ya dunia ikaandikwa. Tangu hapo limeenea dai kwamba mechi ile ndiyo iliyolifungulia njia soka la wanawake huku kwetu. Dai hilo silikubali.

Waliopanda sina ugomvi nao. Kwenye kimo kile mapafu hupata karibu nusu tu ya oksijeni inayopatikana Pwani, na mguu ukikanyaga majivu hauchomoki upesi. Kati yao alikuwemo Petra Landers wa Ujerumani, mchezaji mstaafu wa timu ya taifa, mwenye miaka 55 wakati huo. Alizaliwa 1962, enzi ambayo chama cha soka cha Ujerumani Magharibi kilikuwa kimewapiga marufuku wanawake katika klabu zake. Marufuku hiyo ilianza 1955 ikaondolewa 1970. Mwaka 1989 yeye na wenzake walitwaa ubingwa wa Ulaya kwa kuifunga Norway 4-1, na zawadi ya kila mmoja ikawa seti ya vyombo vya kahawa. Mama huyu anastahili heshima, sawa na wapagazi waliowapandishia mizigo.

Ila miaka saba kabla ya mechi hiyo ya Kibo, binti zetu walikuwa wamekwishafika kwenye fainali za Afrika.

Twiga Stars ya 2010, timu yetu ya taifa ya wanawake, iliwatoa Ethiopia na Eritrea katika mchujo, ikaingia kati ya timu nane zilizokwenda Afrika Kusini. Kocha alikuwa Charles Boniface Mkwasa, nahodha Sophia Mwasikili. Walikuwemo Asha Rashid, Mwanahamisi Omary ambaye mashabiki walimwita Gaucho, na Esther Chabruma aliyeitwa Lunyamila, jina la winga wa Yanga aliyetamba miaka ya tisini. Watu huikumbuka safari hiyo kwa neno moja: walifungwa. Kweli, walifungwa mechi zote tatu. Lakini hebu tuyasome matokeo yenyewe, maana ndiyo ushahidi tulionao na hakuna anayejisumbua kuufungua. Wenyeji Afrika Kusini waliwashinda 2-1. Mali 3-2. Nigeria 3-0, na Nigeria hiyo hiyo ndiyo iliyoondoka na kombe. Mechi mbili kati ya tatu ziliamuliwa kwa bao moja moja. Timu inayocheza fainali zake za kwanza, ikiwa imepangwa na wenyeji pamoja na mabingwa, ikafunga mabao matatu, nani ana haki ya kuiita aibu?

Tena kuna jambo zito kuliko matokeo. Mwaka 2010 Tanzania haikuwa na Ligi Kuu ya Wanawake. Ligi hiyo ilianza msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza. Wale akina dada walipambana na Afrika bila ligi ya taifa nyuma yao. Linganisha na Japani: wao walianzisha ligi ya wanawake mwaka 1989. Homare Sawa akakulia humo tangu utotoni, na 2011 akawa nahodha wa timu iliyotwaa Kombe la Dunia, yeye mwenyewe akisawazisha dhidi ya Marekani dakika ya 117. Sawa alistaafu 2015 akiwa na mechi 205 za kimataifa, na kila moja imeandikwa mahali. Hebu mtu aniambie Chabruma alicheza mechi ngapi za taifa. Anayemlaumu mchezaji wa 2010 kwa kukosa kombe amwulize kwanza aliyekuwa na wajibu wa kumpa ligi.

Wengine husema kizazi kile kilipita bila kuacha kitu. Nao nawakatalia. Mwaka 2016 Twiga Stars iliifunga Kenya 2-1 mjini Jinja na kuchukua ubingwa wa CECAFA. Mabao yote mawili aliyafunga Mwanahamisi Omary, yule yule wa 2010. Chabruma aligeukia ukocha, na mwaka 2023 aliiongoza JKT Queens kutwaa ubingwa wa klabu wa kanda yetu, kisha akaipeleka Ligi ya Mabingwa Afrika nchini Ivory Coast. Mchezaji aliyepita njia isiyo na ligi akawa amewafundisha wasichana wenye ligi. Timu ya taifa ilirudi fainali za Afrika mwaka 2025 nchini Morocco, ikatoka sare 1-1 na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi, kwa bao la Opa Clement. Ilikuwa pointi ya kwanza ya Tanzania katika fainali hizo, miaka 15 baada ya Mkwasa na vijana wake.

Rekodi ya Kibo ibaki kwenye vitabu, ila isiwekwe mahali pa sura ya kwanza. Walimu wa michezo wa shule zetu, kuanzia Majengo na Pasua hadi Marangu, waanze somo la soka la wanawake na mwaka 2010. Na kwako msomaji: kama nyumbani kuna mama, shangazi au dada aliyewahi kuvaa jezi ya timu ya mtaa, ya shule au ya mkoa, mwulize leo alicheza na akina nani, wapi na mwaka gani, uandike majina nyuma ya picha.