Mmea Mtego, Si Mmea Mla Nyama

Majani ya mmea wa Dionaea yakianza kuwa meusi, mwenye chungu hukimbilia jikoni kuileta nyama. Asilaumiwe, walaumiwe waliomwambia kwamba huo ni “mmea mla nyama”. Simba ni mla nyama, na simba akikonda ana njaa. Dionaea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mchicha. Mdudu huiongezea tu nitrojeni na fosforasi, ambazo ni haba katika udongo wa kwao, Carolina huko Marekani. Kipande cha nyama huozea ndani ya jani, na jani huoza nacho.

Kamati zetu za istilahi, kwa ninavyoona, ziliangalia Kilatini, zikakuta caro ni nyama na vorare ni kumeza, zikafunga mafaili. Sarufi haikualikwa kikaoni. “Mla” ni wa ngeli ya A-WA na “mmea” ni wa U-I, ndiyo maana tunasomeshwa “mimea wala nyama”, maneno ambayo msomaji asiyeonywa atadhani yanakanusha vyote viwili. Mtego uko U-I pamoja na mmea: mmea mtego, mimea mitego. Neno lenyewe limezaliwa na kutega, kitenzi chenye ukoo mpana: tunatega ndoano, tunatega sikio, tunatega kitendawili, na kote huko mtegaji huweka kitu tayari, akangoja. Dionaea nayo huachama, ukingoni mwa jani pana utomvu mtamu ndio chambo, ndani mna vinywele vichache. Kikiguswa kimoja, kimya. Mguso wa pili ukifuata ndani ya sekunde kama 20, jani hufyatuka. Neno hilo kila mtega panya analijua, na anajua pia kutegua: anayelichokoza jani kwa kidole huutegua mtego bure, na kila jani lina mifyatuko michache tu kabla ya kufa.

Wapo wanaojidai wasahihishaji kwa “mla wadudu”, wakijikinga na Charles Darwin, ambaye mwaka 1875 alitaja wadudu katika jina la kitabu chake. Lakini mimea ya Sarracenia ya Kanada imekutwa na salamanda wachanga tumboni, na mtego wa panya, kama tujuavyo, huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Wengine husema mtego hunasa tu, hausagi windo. Kwani panya hutegwa ili afugwe? Tena Roridula ya Afrika Kusini hunasa kwa ulimbo bila kumeng'enya chochote. Kuna mdudu mwenyeji anayekula mateka, na kinyesi chake ndicho kinachourutubisha mmea. Mmea huo nao ni “mla” wa nini?

Kwa mwenye chungu: maji ya mvua, si ya bomba, jua tele, udongo wa peti bila mbolea, na miezi mitatu minne ya kulala kwenye baridi, ambayo joto la Dar es Salaam haliitoi bila friji. Nyama irudi sufuriani. Na wahariri wa kamusi, toleo lijalo, waandike mmea mtego.