"Mtumaji Salama" ni Nani?

Outlook ina orodha ambayo jina lake likitafsiriwa neno kwa neno ni "watumaji salama". Anwani ikiingizwa humo, barua pepe zake hazitupwi tena kwenye folda ya barua taka. Ndivyo wafanyakazi wengi wanavyoielewa, na ndiyo maana hushangaa ankara ya mzabuni wao wa siku zote inapopotea ilhali anwani yake imo orodhani.

Neno "salama" ndilo linalowapoteza. Orodha hiyo humpa mtumaji ruhusa tu, tena katika hatua ya mwisho. Barua inayoingia ofisini huchujwa mara mbili: kwanza kwenye seva inayosimamiwa na idara ya TEHAMA, kisha kwenye kisanduku cha mfanyakazi mwenyewe. Iliyonaswa na chujio la kwanza huwekwa karantini, na orodha binafsi ya mfanyakazi mara nyingi haina kauli juu yake.

Kwa nini seva imzuie mtu anayejulikana? Seva hudai ushahidi. Mwenye kikoa, yaani sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, hutangaza kwenye DNS (mfumo wa majina ya vikoa) seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Huo ni utaratibu wa SPF. DKIM huongeza saini ya kidijitali, ili ijulikane kama barua imechezewa njiani. DMARC hueleza barua ifanywe nini pale vipimo hivyo visipooana na anwani anayoiona msomaji. Tuseme mzabuni ameanza kutuma ankara kupitia mfumo mpya wa uhasibu, lakini hakuuongeza kwenye rekodi yake ya SPF. Anwani ni ile ile, seva ni ngeni. Fungua vichwa vya barua hiyo, na kwenye mstari wa matokeo ya uthibitisho unaweza kukuta "spf=fail". Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo huwataka wanaotuma barua kwa wingi wawe na vyote vitatu, kwa hiyo rekodi zilizosahauliwa miaka mingi sasa zinawaumbua wenyewe.

Barua ikikwama, mwombe afisa TEHAMA aitafute karantini, asome sababu ya kuzuiwa, na akiridhika aiachilie. Kisha mjulishe mzabuni sababu hiyo arekebishe rekodi zake, la sivyo barua ya kesho nayo itakwama. Kukiingiza kikoa kizima bila masharti kwenye orodha ya seva ya wanaoruhusiwa kupita ni kujitafutia balaa: tapeli akighushi anwani hiyo naye atapita, na ankara yenye namba ya akaunti iliyobadilishwa itamfikia mhasibu bila kipingamizi.

Kwa hiyo orodha ya mfanyakazi tuiite "watumaji walioruhusiwa", na ile ya seva "orodha ya ruhusa". Neno "salama" tuliache kando, maana hakuna orodha inayoweza kumdhamini mtumaji kiasi hicho.